Programu yangu inatoa barafu yenye umbo la mkuki mahali panapotakiwa pembe mbili: kosa liko wapi?

Mkaazi wa Rongai

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi hapa Nairobi, na mradi niliouchagua ni kuiga kwa kompyuta namna barafu inavyojijenga kwenye ukingo wa mbele wa bawa, ndege inapopita ndani ya wingu lenye maji yaliyopoa chini ya sifuri bila kuganda. Programu nimeiandika mwenyewe kwa lugha ya Python, kwa kuwa zile za kibiashara zina leseni ambazo siwezi kuzilipia hata nikiitiwa harambee.

Utaratibu wangu ni huu. Kwanza nakokotoa mtiririko wa hewa kuzunguka bawa kwa mbinu ya paneli, yaani kuugawa uso wa bawa katika vipande vidogo vilivyonyooka, kisha naachilia vitone vya maji mbele ya bawa na kufuata njia ya kila kimoja hadi kigonge au kipite, halafu napata kiasi cha maji kinachonaswa na kila kipande cha uso, na mwisho nakigeuza kiasi hicho kuwa unene wa barafu. Bawa ni la umbo liitwalo NACA 0012, linalolingana juu na chini, lenye upana wa nusu mita kutoka mbele hadi nyuma, kasi ni mita 90 kwa sekunde, wingu lina nusu gramu ya maji katika kila mita ya ujazo, vitone vina kipenyo cha maikromita 20, na muda ni dakika 6.

Nimeendesha kesi mbili zinazotofautiana kwa halijoto pekee. Katika kesi ya nyuzi 25 chini ya sifuri napata barafu iliyochongoka kama ncha ya mkuki, yenye unene wa karibu milimita 11 pale mbele kabisa, na inafanana vizuri na michoro ya majaribio niliyonayo. Katika kesi ya nyuzi 5 chini ya sifuri napata mkuki uleule wenye milimita 11 zilezile, ilhali michoro ya majaribio katika hali ya namna hiyo inaonyesha barafu angavu yenye pembe mbili kama za mnyama, moja juu na nyingine chini, na katikati pamebonyea. Nimepunguza ukubwa wa paneli mara tatu na kuongeza idadi ya vitone hadi kompyuta ikalalamika, lakini hakuna kilichobadilika. Je, nihamie kwenye programu ya mtiririko yenye uwezo zaidi, kwa mfano OpenFOAM?

La pili ni la aibu kidogo. Wenzangu wa hosteli wanauliza ninatafuta barafu ya nini katika mji ambao friza ya duka la jirani haigandishi hata maziwa, na msimamizi wangu ameniuliza jambo hilohilo kwa lugha ya heshima zaidi. Ningependa kuwa na jibu.

Hesabu Kwanza

Ndugu, usihamie popote kwa sasa, kwa maana mtiririko wako hauna kosa kubwa. Tazama tena namba mbili ulizoziandika mwenyewe: milimita 11 kwa nyuzi 25 chini ya sifuri, na milimita 11 kwa nyuzi 5. Barafu yako haijui kama kuna baridi au la. Katika maelezo yote ya utaratibu wako halijoto haikuingia mahali popote, kwa sababu umechukulia kwamba kila kitone kinachogonga bawa kinaganda papo hapo na mahali pale pale. Dhana hiyo ni sahihi kwenye baridi kali, ndiyo maana kesi ya kwanza imekubali, lakini karibu na sifuri inavunjika kabisa.

Huenda umewahi kusahau chupa ya maji kwenye friza, ukaitoa ikiwa bado maji, ukaigonga mezani, na ghafla ikajaa barafu. Ukiimimina utaona kwamba haikuwa gogo la barafu bali ni uji. Sababu ni kwamba maji yanapoganda hutoa joto fiche, kilojuli 334 kwa kila kilo, na joto hilo linayapasha maji yaliyosalia hadi yafike sifuri na kugoma kuganda. Kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 5 chini ya sifuri hadi sifuri kunahitaji kilojuli 21 tu. Gawanya 21 kwa 334, na utapata kwamba ni kama asilimia 6 tu ya kitone chako inayoganda kwa nguvu zake yenyewe. Asilimia 94 iliyobaki inasubiri mtu wa nje aje kulichukua joto, na mtu huyo ni hewa.

Sasa tuulize kama hewa ina uwezo huo. Kwa kuwa unapata milimita 11 kwa dakika 6, naona mgawo wako wa kunasa vitone pale mbele (sehemu ya vitone vinavyolielekea bawa ambayo kweli inaligonga) ni karibu 0.6, yaani kila mita ya mraba inapokea takriban gramu 27 za maji kwa sekunde. Maji hayo yote yakiganda, yatatoa wati 9,000 kwa mita ya mraba. Upande wa pili wa mizani kuna mambo matatu. La kwanza ni hewa inayopita, na hapa kuna mtego unaowanasa wengi: hewa ikisimama ghafla mbele ya bawa inajipasha yenyewe, na kwa mita 90 kwa sekunde inapanda kwa nyuzi 4. Hivyo bawa lako halioni nyuzi 5 chini ya sifuri, linaona nyuzi 1 tu. Tukichukua, kwa makadirio, kwamba hewa inaondoa wati 500 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti, basi inaondoa wati 500 na si zaidi. La pili ni uvukizaji wa maji yaliyo juu ya uso, ambao kwa shinikizo la karibu na usawa wa bahari unaondoa wati 1,600 hivi. La tatu ni kuvipasha vitone vyenyewe vinavyofika vikiwa baridi, wati 560. Toa wati 110 ambazo vitone vinaleta kwa kishindo cha kugonga. Jumla ni kama wati 2,550, kwa hiyo kati ya maji yote yanayofika pale mbele, yanayoganda ni chini kidogo ya theluthi moja. Tafadhali zingatia kwamba mchangiaji mkubwa ni uvukizaji, ambao wanafunzi karibu wote huusahau katika jaribio la kwanza.

Mizania hii ya joto iliandikwa na mhandisi Messinger mwaka 1953, na LEWICE, programu ya NASA iliyochukua jina lake kutokana na kituo cha Cleveland kilichoitwa Lewis hadi 1999, imejengwa juu yake. Watu wameiboresha tangu hapo, lakini mfupa ni uleule.

Theluthi mbili zilizobaki zinakwenda wapi? Zinasukumwa na hewa kurudi nyuma juu ya uso wa bawa, na hapo ndipo pembe zako zinapozaliwa. Pale mbele kabisa hewa inatiririka kwa utulivu na inachukua joto kidogo. Sentimita moja au mbili nyuma, uso umeshakuwa na vinundu vya barafu, mtiririko ulio karibu na uso unavurugika, na uwezo wa hewa wa kubeba joto unaongezeka sana. Maji yaliyoponea mbele yanafika hapo na kuganda. Kinundu kikishainuka kidogo kinajitokeza ndani ya upepo, kinanasa vitone vyake mwenyewe, kinapozwa zaidi, na kinaendelea kukua kikielekea mbele na nje. Kwa hiyo huwezi kuziona pembe kwa kukokotoa mara moja na kuzidisha kwa dakika 6. Ni lazima ukuze barafu kidogo, uchore upya umbo, ukokotoe upya hewa na vitone, kisha ukuze tena, hatua sita au kumi.

Ushauri wangu ni kwamba uliweke bawa kando kwa siku mbili na ufanye mizania hii juu ya silinda, ambayo mtiririko wake unaweza kuuandika kwa mkono. Wahandisi wa nyaya za umeme katika nchi za baridi hutumia silinda kwa kazi hiyohiyo, na wanaokadiria barafu kwenye panga za mitambo ya upepo huanzia hapo pia. Meli inayorushiwa maji ya bahari katika baridi nayo inafuata mizania ileile, ila chumvi huishusha nyuzi ya kugandia na kuongeza kero nyingine.

Fundi wa Langata

Nimefurahi kumwona kijana wa Nairobi akihangaikia jambo hili, kwa maana nimefanya kazi ya ndege kwa miaka mingi na barafu nimeiona kwa macho mara chache tu. Barafu ni mharibifu anayejifutia nyayo: ndege ikifika chini kwenye joto la uwanja wa Wilson, ushahidi umekwisha kuyeyuka, na fundi anabaki na maneno ya rubani.

Kuhusu wenzako wa hosteli, waambie kwamba barafu iliyo karibu nao zaidi haiko mawinguni bali iko ndani ya kabureta. Ndege ndogo za mafunzo zenye injini ya pistoni bado zinatumia kabureta, na petroli inapovukiza pale kwenye koo lake, pamoja na shinikizo kushuka, hewa inaweza kupoa kwa nyuzi 20 au zaidi. Asubuhi ya Julai hapa kwetu, ukungu umetanda na kipimajoto kinasoma nyuzi 12, ni hali inayofaa sana kwa barafu hiyo. Nakumbuka rubani mmoja aliyerudi akilalamika kwamba mizunguko ya injini ilikuwa inapungua polepole bila yeye kugusa chochote, na alipovuta kidhibiti cha joto la kabureta injini ilikohoa vibaya zaidi kwa muda, akataka kukirudisha, kisha ikatulia na kupata nguvu. Kukohoa kule ni barafu iliyoyeyuka ikimezwa kama maji. Tulifungua kila kitu siku ile na hatukupata hata tone. Kwa nini usiige hilo? Lina faida hapa nyumbani, tena vifaa vya kulipima vinapatikana.

Jambo jingine la kukumbuka unapoandika ripoti: usimvutie msomaji kwa unene wa barafu pekee. Mafunzo ya usalama wa ndege hurudia kwamba barafu au jalidi yenye mikwaruzo isiyozidi ile ya msasa wa wastani au wenye chembe kubwa inaweza kupunguza nguvu inayoiinua ndege kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Shika kipande cha msasa mkononi uone ni kitu chembamba kiasi gani.

Hesabu Kwanza

Mzee Fundi, kwa heshima zote, ushauri wa kabureta ni mzuri kwa maabara lakini ni mgumu zaidi kwa kompyuta. Ndani ya koo la kabureta kuna petroli inayovukiza, unyevu unaoganda, valvu inayofunguka na kufungika, na mtiririko unaopigapiga kwa kila pistoni. Mwanafunzi huyu amebakiwa na muda mfupi, na tayari ana nusu ya programu inayofanya kazi. Hata hivyo habari yako ya msasa ni ya thamani kuliko unavyodhani, kwa sababu mikwaruzo ya barafu ndiyo inayoamua uwezo wa hewa wa kubeba joto katika mizania niliyoieleza hapo juu, na ndiyo namba ambayo kila programu inaikadiria kwa fomula za majaribio. Nitairudia akishafika huko.

Mpima Mawingu

Naomba nimjibu mwanafunzi swali lake la pili, kwa kuwa kazi yangu ni hali ya hewa.

Juu ya Kenya, mstari wa nyuzi sifuri hukaa karibu na mita 4,800 kutoka usawa wa bahari kwa sehemu kubwa ya mwaka, ndiyo maana kilele cha Mlima Kenya chenye mita 5,199 bado kina mabaki ya barafu. Uwanja wa Jomo Kenyatta wenyewe uko mita 1,624 juu ya bahari. Kwa hiyo ndege inayoruka kutoka hapo Embakasi ina mita 3,200 tu za kupanda kabla ya kuingia eneo la baridi. Ndege ndogo zinazopeleka watalii Mara kwa kawaida hubaki chini ya mstari huo. Ndege za propela za masafa ya kati, zile zinazoruhusiwa kupanda hadi futi 25,000, zinasafiri ndani kabisa ya ukanda wa kati ya sifuri na nyuzi 15 chini ya sifuri, ambao ndio wenye barafu ya aina ya pembe inayokusumbua.

Kuna tofauti moja ambayo programu yako inaweza kuionyesha na ambayo ingekuwa ya kwako. Majaribio mengi unayojilinganisha nayo yamefanywa kwenye handaki la upepo lenye shinikizo la karibu na lile la ardhini. Hapa kwetu, kwa sababu mstari wa sifuri uko juu sana, nyuzi 5 chini ya sifuri unazikuta kwenye mita 5,500 hivi, ambako shinikizo ni nusu ya lile la pwani. Ndugu Hesabu Kwanza amesema uvukizaji ndio mchangiaji mkubwa. Shinikizo likipungua kwa nusu, uvukizaji kwa kulinganisha na joto linalochukuliwa na hewa unakaribia mara mbili, na sehemu ya maji inayoganda itabadilika. Endesha kesi ileile mara mbili, mara moja kwa shinikizo la handaki na mara moja kwa shinikizo la juu ya Kenya, na utakuwa na jibu la kumpa msimamizi wako bila kumwambia habari za Ulaya.

Nisisahau pia mawingu yetu makubwa ya radi. Juu ya mita 10,000 karibu maji yote yamekwisha kuganda, na kilichopo ni fuwele za barafu ambazo hudunda kwenye bawa baridi bila kushika. Zinapoingia mahali penye joto, kama vile mrija wa Pitot unaopima kasi au sehemu za mbele za injini, zinayeyuka nusu, zinashika, na kuziba. Ajali ya ndege ya Airbus A330 iliyoanguka Atlantiki tarehe 1 Juni 2009 ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris, na watu 228 wakafariki, ilianza kwa mirija hiyo kuzibwa na fuwele katika ukanda wa mawingu ya tropiki, na baada ya hapo marubani wakapoteza udhibiti. Ukanda huo wa mawingu unapita juu yetu mara mbili kwa mwaka, tunauita mvua za masika na za vuli. Kuiga fuwele kunahitaji fizikia nyingine ya kudunda, kuvunjika na kuyeyuka, kwa hiyo usiiongeze kwenye mradi huu.

Mkaazi wa Rongai

Nimerudi baada ya siku kumi, mbili kati yake zikiwa za giza kwa sababu ya stima. Nawashukuru nyote, na Mzee Fundi nimemsikia ingawa nimeiacha kabureta.

Nilianza na silinda kama nilivyoelekezwa, kisha nikaipeleka mizania kwenye bawa. Kosa langu lilikuwa lile lililotajwa, na lingine nililoligundua mwenyewe: hata baada ya kuingiza joto fiche, nilikuwa nikitumia nyuzi 5 chini ya sifuri katika hesabu ya hewa badala ya nyuzi 1, hivyo bawa langu lilipozwa kupita kiasi na mkuki ukaendelea kutokea. Nilipolirekebisha hilo, sehemu inayoganda pale mbele ilishuka hadi 0.29. Kwa hatua moja ya dakika 6 nilipata kitu kinachofanana na mto uliovimba, bila pembe. Kwa hatua kumi za sekunde 36, pembe mbili zilijitokeza kuanzia hatua ya nne. Niliketi nikizitazama saa nane za usiku kama mtu aliyeotesha mahindi kwenye kopo.

Shinikizo nalo nimelijaribu. Nikiweka shinikizo la mita 5,500 huku nikiacha namba nyingine zote kama zilivyo, sehemu inayoganda pale mbele inapanda kutoka 0.29 hadi karibu 0.46, na pembe zinasogea kuelekea katikati. Sikutarajia badiliko la ukubwa huo.

Tatizo lililobaki ni kwamba pembe yangu ya juu imelala nyuma zaidi kuliko ile ya jaribio. Nimegundua kwamba nikiongeza ukubwa wa mikwaruzo katika fomula, pembe inasogea mbele, na nikiongeza mara mbili na nusu inaangukia juu ya mchoro wa jaribio barabara. Je, niiache hapo?

Hesabu Kwanza

Hongera kwa pembe, na hongera zaidi kwa kulikamata kosa la nyuzi 4 peke yako.

Kuhusu shinikizo, kuwa mwangalifu na neno "nikiacha namba nyingine zote". Hewa ikiwa nyepesi kwa nusu, uwezo wake wa kubeba joto nao unapungua, na vitone vinakengeushwa kwa kiasi kidogo kuliko awali kwa sababu hewa haina nguvu ya kuvisukuma pembeni. Kwa maji yanayonaswa badiliko litakuwa dogo, lakini kwa joto ni kubwa, na hiyo 0.46 itashuka. Ingiza yote mawili kabla ya kuiandika kwenye ripoti, kwa sababu Mpima Mawingu alisema kwa makusudi "kwa kulinganisha na joto linalochukuliwa na hewa".

Kuhusu mikwaruzo, usiiache hapo. Umekizungusha kitasa hadi picha moja ikubali, na picha moja hukubali kitasa chochote. Hata makundi yenye kompyuta kubwa na programu za miaka thelathini yakipewa kesi moja ya barafu angavu huleta maumbo yanayotofautiana, na mzozo mara nyingi unaanzia kwenye mikwaruzo hiyohiyo. Funga namba yako ya mara mbili na nusu, chagua jaribio la pili ambalo hujalitazama, lenye halijoto kati ya nyuzi 8 na 12 chini ya sifuri, liendeshe bila kugusa kitu, kisha uweke michoro yote miwili hapa, hata kama wa pili utakuwa mbaya.

Mkaazi wa Rongai

Nimeianza sasa hivi, nyuzi 10 chini ya sifuri, hatua kumi. Iko hatua ya pili. Nitaweka michoro kesho asubuhi, stima ikiniruhusu.